Spika za mziki kivyake, homu thieta kivyake: ukisikia hivi, angalia hapa

Nyumba nyingi hapa Kisumu ukiingia sebuleni utakuta mitambo miwili. Kuna ile jozi ya spika kubwa za mbao, mara nyingi ex-UK, zilizonunuliwa kwa sababu ya rhumba na benga, alafu kuna homu thieta iliyokuja na boksi lake, spika tano ndogo na subwufa, hiyo ni ya muvi na mpira. Watu huniuliza kwani siwezi kuziunganisha zote zipige pamoja nyumba itetemeke. Mimi hukataa, na sikatai kwa uvivu, ni kwa sababu simu nyingi ninazopigiwa Jumamosi asubuhi zinatoka kwa mtu aliyejaribu hiyo kitu Ijumaa usiku.

Hizi ni kazi mbili. Mziki unarekodiwa wa spika mbili, kushoto na kulia, na gita la solo na la besi na muimbaji wote wanajipanga hapo katikati, kama spika ni nzuri na zimekaa vizuri unafunga macho unaonyesha na kidole mahali muimbaji amesimama. Muvi imetengenezwa kivingine, maneno yanatoka spika ya katikati chini ya tivi, milio ya pembeni inatoka nyuma, na ngurumo iko na chaneli yake ya subwufa, ndio maana ikaitwa 5.1. Sasa zile spika ndogo nyingi zina koni ya inchi tatu hivi, haiwezi kubeba gita la besi, kwa hivyo hiyo kazi yote inatupiwa subwufa na subwufa ya boksi mara nyingi inajua noti moja tu, dum dum dum. Hapo ndio utasikia mzee akisema rhumba imeisha utamu, na kumbe rhumba iko sawa, ni spika.

Kwa hivyo kivyake na kivyake, ampu mbili, spika za mziki na spika za muvi. Lakini hata ukitenganisha, hiyo mitambo bado inakutana mahali kadhaa: kwa waya za spika, kwa tivi, kwa soketi ya stima, na kwa kuta za hicho chumba. Karibu kila shida nitakayotaja hapa chini iko kwa moja ya hizo njia panda nne.

Kabla ya yote, zima na uchomoe plagi kabla hujagusa waya yoyote nyuma ya ampu, na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ukibadilisha vitatu mara moja na ikapona hutajua ilikuwa nini na wiki ijayo itarudi.

SPIKA MOJA IMENYAMAZA

Usikimbilie kusema imeungua. Badilishana kushoto na kulia pale nyuma ya ampu, waya ya spika ya kushoto uitie tundu la kulia na ya kulia kushoto. Kama kimya kimehamia kwa ile spika nyingine, basi spika na waya yake ni nzima, shida iko kwa ampu au kabla ya ampu. Kama kimya kimebaki kwa spika ileile, ni spika au waya. Kikihama, rudi hatua moja nyuma, badilishana zile kebo za nyekundu na nyeupe zinazoingia kwa ampu, kimya kikihama tena basi ni kebo au simu au diski unayochezea, kikikaa pale pale ni chaneli ya ampu. Dakika tano umejua, na hujalipa mtu.

AMPU INAJIZIMA AU INACHEMKA HADI HUWEZI KUWEKA MKONO

Hii ndio ninakutana nayo zaidi na ndio inaua vitu, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza chukua tochi uangalie nyuma. Waya ya spika ni nyuzi nyingi nyembamba zimesokotwa, na mtu akichuna ile plastiki haraka haraka na meno, uzi mmoja unabaki nje kama sharubu ya panya, unalala unagusa tundu la pili. Huwezi kuuona ukiwa umesimama. Jirani yangu hapa Migosi alinunua ampu ya pili akidhani ya kwanza imekufa, nilipopiga magoti na tochi ya simu nikaona uzi mmoja, mmoja tu, unang'aa kutoka nyekundu hadi nyeusi. Ampu ilikuwa inajilinda tu. Chuna sentimita moja, sokota vizuri, ukiweza lehemu ncha, alafu vuta kidogo uone kama imeshika.

Pili, omu, kile kipimo cha vile spika inazuia stima. Spika nyingi kubwa za mbao ni omu 8 au 6, lakini spika za homu thieta za boksi nyingi ni omu 3 au 4, imeandikwa nyuma kwa stika. Omu zikiwa chache ampu inavutwa stima zaidi. Mtu anachukua ampu ya mziki ya omu 8, anaweka spika zake, alafu kwa tundu zilezile anaongeza zile ndogo za homu thieta ili mziki usikike hadi jikoni. Hesabu yake ni hii: 8 na 8 pamoja kwa tundu moja zinakuwa 4, hapo ampu nyingi zinavumilia, lakini 8 na 3 zinakuwa kama 2.2, na hiyo ni kama kumwambia punda abebe matrela. Itapiga nusu saa ikijizima, na ukiilazimisha itaungua. Kama stika imetoka pima na mita ya fundi waya zikiwa zimetolewa kwa ampu, spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi, ya omu 4 husoma kama 3 na kitu.

Tatu, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, ampu mbili hazifungwi kwa spika moja kwa wakati mmoja. Najua unataka zile kubwa zipige mziki kwa ampu yake na muvi kwa homu thieta, ni wazo zuri, lakini ukichomeka waya za ampu zote mbili kwa spika, ampu moja inasukuma stima ndani ya mgongo wa nyingine, na hata kama hiyo nyingine umeizima inaweza kuungua. Kuna kiboksi cha swichi cha kuchagua ampu, unageuza A au B, tafuta kinachokata waya zote mbili, nyekundu na nyeusi, kwa sababu ampu nyingi za siku hizi ile nyeusi si ardhi, nayo iko na stima yake, na ukizikutanisha nyeusi mbili umeua.

Njia safi zaidi iko kama risiva yako ya muvi ina tundu zimeandikwa PRE OUT. Hizo unatoa na kebo ya kawaida unaingiza AUX ya ampu ya mziki, spika kubwa zinabaki kwa ampu yake miaka yote, na ukiwasha muvi unaweka ampu kwa AUX. Shida yake ni moja, siku moja milio ya mbele, kushoto na kulia, itakuwa juu kuliko maneno na milio ya nyuma na hutajua kwa nini, ni kwa sababu mtu alizungusha kitufe cha sauti cha ampu. Weka kipande cha tepu nyeupe pale kitufe kinapofaa kuwa wakati wa muvi, na kabla ya kuwasha muvi rudisha hapo.

Na joto. Nyumba zetu zina vitambaa vya kufuma, viko kwa kochi, kwa tivi, kwa redio, na mama akishafuma kitambaa kizuri atakiweka juu ya ampu kwa sababu ndio kitu cha bei sebuleni. Ile mistari ya matundu juu ya ampu ndio pua yake. Ongea naye kwa heshima, kitambaa kiende kwa stuli, na ampu iachiwe kama nusu futi ya hewa juu.

KUNA MVUMO, NGUUUUM, HATA MZIKI UKIWA UMEZIMWA

Stima yetu ni volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hivyo ule mvumo mzito unaousikia ndio hiyo 50, au 100, imeingia mahali haifai. Ukisikia ssssss nyembamba ni kitu kingine, mara nyingi ni kelele ya ampu yenyewe na ukikaa kwa kochi huisikii, achana nayo.

Chomoa kebo zote za sauti zinazoingia ampu ya mziki, acha spika na plagi tu. Mvumo ukiendelea, ni ampu, kondensa za pawa zimezeeka, peleka kwa fundi. Mvumo ukiisha, ni mmoja wa wageni. Rudisha kebo moja moja hadi ule mvumo urudi, mara nyingi utarudi ukichomeka ile inayotoka kwa tivi au dekoda.

Sasa enda nyuma ya dekoda utoe ile kebo ya dishi. Kama mvumo umekata hapo hapo umepata mwizi. Dishi iko kwa mabati au kwa nguzo juu, kebo yake inashuka na ardhi ya huko nje, dekoda iko kwa soketi hii, ampu iko kwa soketi ya ukuta ule mwingine, na hizo ardhi haziko sawa kabisa, tofauti ndogo tu, basi stima inazunguka kupitia kebo yako ya sauti ikitafuta njia. Ndio maana mtu anasema mziki wa simu uko safi lakini akiunganisha tivi tu kunavuma.

Dawa ya kwanza haina gharama, mitambo yote miwili na tivi na dekoda iende kwa soketi moja, ekstensheni moja nzuri yenye waya nene. Vitu hivi havili stima nyingi, ekstensheni ya ampea 13 inatosha, ila pasi na birika vikae mbali nayo. Isipopona, tumia kebo ya optiki kutoka tivi, ile inapitisha mwanga si stima, kwa hivyo hakuna ardhi ya kuzunguka. Ampu ikiwa ya zamani haina tundu la optiki kuna kiboksi kidogo cha kugeuza, optiki inaingia, nyekundu na nyeupe zinatoka. Dawa ya tatu ni kale kafilta ka transfoma kanachokaa katikati ya kebo za sauti, kanakata mvumo lakini vile vya bei rahisi vinakula besi kidogo.

Kitu sitaki usikie kutoka kwa mtu yeyote ni ati ukate kile kichuma kirefu cha plagi, cha ardhi. Mvumo utaisha, ni kweli, na siku waya ya ndani ikigusa bodi ya chuma, mtoto akishika ampu ndiye atakuwa ardhi. Kama plot yenu ni ya zamani ita fundi wa stima mwenye leseni apime kama ardhi ipo kweli, sehemu zingine soketi ina matundu matatu na nyuma waya ya ardhi haijafika popote.

TIVI INAONYESHA LAKINI AMPU YA MZIKI IKO KIMYA, AU INATOA KELELE KAMA MCHANGA

Umetumia optiki, taa nyekundu inawaka kwa kebo, na hakuna kitu. Hapa si waya, ni lugha. Tivi inaweza kutuma sauti kama PCM, hiyo ni ya spika mbili na kila kiboksi kinaielewa, au inatuma ikiwa imekunjwa kwa Dolby Digital ya chaneli sita, na kiboksi chako cha mziki hakijui kuikunjua. Enda kwa menyu ya tivi, sauti, alafu sauti ya kutoka ya dijitali, uweke PCM. Ukiwa kwa homu thieta unarudisha Dolby au Auto, la sivyo spika za nyuma zitakaa kimya au zitapiga mziki uleule wa mbele, na utadhani zimeharibika.

Ndio hapa watu wanachoka, kila siku kuingia menyu. Ushauri wangu ni tivi iongee na homu thieta peke yake kupitia HDMI, na mziki usipitie tivi kabisa, simu au flashi au diski iingie moja kwa moja kwa ampu ya mziki.

HDMI yenyewe, tundu ni moja tu kwa tivi nyingi linalorudisha sauti, limeandikwa ARC, au eARC kwa tivi mpya. Ukichomeka kwa la pili picha zitapita na sauti haitarudi. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka wa 2009, kwa hivyo tivi ya kabla ya hapo usijisumbue, tumia optiki. Na lazima CEC, ile inayofanya tivi na homu thieta ziambiane kupitia HDMI, iwe imewashwa kwa menyu pande zote mbili, kila kampuni inaiita jina lake. Ikiwa kila kitu kiko sawa na bado kimya, chomoa tivi na homu thieta kwa ukuta dakika moja, washa tivi kwanza, mara nyingi zinasalimiana vizuri.

MZIKI UNAIMBA LAKINI HAUNA BESI, KAMA UMEFUNIKWA BLANKETI

Mjomba wangu wa Nakuru, kule Lanet, alihamisha spika zake upande mwingine wa chumba alafu akanipigia, "Mwanangu, hizi spika zimezeeka na mimi, besi imeenda." Nikamuuliza, mjomba, simama karibu na spika moja, besi ipo? Ipo. Sasa kaa kwa kiti chako katikati. Hakuna. Nikajua.

Spika moja waya zake zimegeuzwa, nyekundu imeenda nyeusi. Koni moja ikisukuma mbele nyingine inavuta nyuma, hewa inakimbia kutoka huku kwenda kule na besi zinamezana, na ile sauti ya muimbaji inayofaa kuwa katikati inapotea, unaisikia imezagaa kama inatoka kwa kuta. Weka mziki wa zamani wa mono, yaani ule wa sauti ileile kushoto na kulia, kama unao, na benga ya zamani iko mingi ya mono, sauti yote inafaa kusimama katikati kama mtu mmoja. Isiposimama, geuza waya za spika moja tu usikie tena.

Kama waya hazina alama na hujui nyekundu ni ipi, chukua betri ya rimoti, ya volti 1.5. Toa waya kwa ampu kwanza, hilo ni la lazima, toa kitambaa cha mbele cha spika, alafu gusa ncha mbili za waya kwa betri, gusa tu na uachie. Utasikia tap, na utaona koni imeruka. Ikiruka kuja kwako, waya iliyogusa kichwa cha betri ndio nyekundu. Ikirudi ndani, ni kinyume. Mwambie mtoto aangalie koni wewe ukiwa kwa upande wa waya, watoto wanapenda sana hii kazi. Alafu funga tepu kwa hiyo waya pande zote mbili na uandike.

Subwufa nyingi nazo zina swichi imeandikwa 0 na 180. Weka muvi yenye besi, kaa kwa kiti chako, mtu ageuze, acha pale inaposikika imejaa zaidi.

Sababu nyingine ya besi dhaifu ni waya nyembamba. Ile waya inayokuja na boksi ikiongezwa kwa vipande hadi spika za nyuma inakula. Shaba ya milimita mraba 0.5 kwa umbali wa mita 10, kwenda na kurudi, ni kama omu 0.7, kwa spika ya omu 8 si mbaya sana lakini kwa ya omu 3 hiyo ni kubwa. Nunua ya milimita mraba 1.5, ya kukatiwa kwa mita, na uchune ncha uangalie, ikiwa nyeupe ndani na imepakwa shaba juu hiyo ni aluminiamu, inahitaji iwe nene zaidi ndio ifanye kazi sawa.

BESI INAGUNA KWA KOCHI, NA KWA MLANGO HAKUNA

Waya ziko sawa na bado. Sasa ni chumba. Vyumba vingi tunavyopangisha ni futi 12 kwa 12, na mraba ndio umbo gumu zaidi kwa sauti. Sauti inaenda kama mita 343 kwa sekunde, futi 12 ni mita 3.66, kwa hivyo kati ya ukuta na ukuta kuna noti moja ya karibu Hz 47, yaani mizunguko 47 kwa sekunde, inayotosha pale kabisa, inasimama na haitaki kuondoka, na kwa sababu kuta zote nne ni sawa inasimama mara mbili. Gita la besi huanzia Hz 41, kwa hivyo hiyo noti inaweza kutokea kwa wimbo wowote. Kochi likiwa limesukumwa ukutani uko kwa kilele, besi itaguna. Ukikaa katikati kabisa ya chumba noti hiyo haipo. Sogeza kochi mbele hata futi mbili au tatu tu, utashangaa, hakuna kitu cha pesa kitakachokupa mabadiliko kama hayo.

Spika za mziki nazo zitoke ukutani kama futi moja na nusu, na zisiwe ndani ya kabati la tivi. Umbali kati yao uwe sawa na umbali hadi kwako, pembetatu, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iwe kimo cha masikio yako ukiwa umeketi. Subwufa ina ujanja wake: iweke juu ya kochi pale unapokaa, weka mziki wa besi, alafu wewe tembea ukiwa umeinama kandokando ya kuta zote. Mahali utakaposikia besi iko sawa, kila noti inasikika, hapo ndio mahali pa subwufa. Rudisha kochi kazi yake. Chini ya Hz 80 sikio halijui sauti inatoka wapi kwa hivyo subwufa ikienda nyuma ya mlango hakuna atakayejua, na hiyo 80 ndio namba ya kuanzia kwa setingi ya krosova, pale spika ndogo zinapoachia subwufa kazi.

Sakafu ya simiti tupu na madirisha bila pazia yanafanya sauti nyembamba irudi rudi, weka zulia kati yako na spika. Na kama kuna kitu kinatetema, tafuta kabati la vyombo kabla hujalaumu koni.

KWA MUVI SISIKII MANENO, MLIPUKO UNAAMSHA MTAA

Angalia spika ya katikati iko wapi. Ikiwa imesukumwa nyuma ya tivi au ndani kabisa ya rafu, ivute hadi ukingo wa rafu na uinue mbele kidogo itazame masikio. Ongeza chaneli ya katikati kwa menyu kidogo, dB 2 au 3. Usiku washa ile setingi inayoitwa night au DRC, inashusha milipuko na kuinua maneno. Spika za nyuma za 5.1 zikae pembeni na nyuma kidogo yako, kiwango cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ni digrii 100 hadi 120 kutoka mbele, si kwa kona ya dari zikitazama mlango. Mvua ya jioni ikinyesha kwa mabati bila silingi hakuna setingi itakayokusaidia, subiri ipite.

MIDOMO NA MANENO HAVIENDI PAMOJA

Ikiwa unatumia bluetuthi, hiyo ndio sababu, sauti inachelewa mara nyingi sehemu moja hadi mbili za kumi za sekunde na wakati mwingine zaidi, weka waya. Ikiwa ni waya na maneno yanatangulia midomo, tivi ndio inachelewesha picha ikizipamba, weka tivi kwa modi ya gemu au ongeza sauti dilei kwa homu thieta kidogo kidogo.

SPIKA INAKWARUZA

Ex-UK ni spika nzuri na mimi mwenyewe ninazo, lakini ile pete laini ya foamu inayoshika koni inaoza kwa umri, miaka kumi na tano, ishirini. Kabla ya kulipa toa kitambaa cha mbele na ubonyeze foamu na kidole polepole. Ikibaki kwa kidole kama makombo ya keki, imeisha. Si mwisho, pete mpya zinapatikana na fundi mzuri anabandika, ila koni lazima iwekwe katikati kabisa kabla gundi haijashika, la sivyo koili itasugua kwa sumaku na utasikia krrr hata kwa sauti ya chini.

Ikiwa ni twita imenyamaza, mara nyingi haikuuawa na ampu kubwa, iliuawa na ampu ndogo iliyokuwa imefunguliwa hadi mwisho, mawimbi yakakatwa vichwa. Na usidanganywe na namba ya boksi, wati elfu kumi za PMPO, hizo ni za tangazo. Geuza usome kibandiko cha nyuma, ikiandikwa inakula wati 60 kutoka kwa ukuta haiwezi kutoa zaidi ya hizo kwa mfululizo. Kuongeza sauti dB 3 tu, ambayo sikio linaisikia kama kidogo, kunataka wati mara mbili, kwa hivyo ukifika mahali sauti inakuwa chungu, rudi nyuma.

MCHANA IKO SAWA, JIONI INAKATIKA

Pima soketi saa mbili usiku watu wote wakiwa wamewasha. Ikiwa imeshuka sana ampu inakosa nguvu na kujizima, hapo ni stabilaiza. Tivi gadi nayo inasaidia kwa kitu kingine, stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, inasubiri itulie kabla ya kuachilia. Kila mtambo usitafutiwe gadi yake, moja nzuri kwa ile ekstensheni moja inatosha.

Na kwa sisi wa karibu na ziwa kuna moja zaidi. Wale wadudu wa ziwani wakija jioni kama moshi wanafuata taa, mjusi anawafuata wadudu, na ampu iko na joto na matundu. Shemeji yangu wa Dunga ampu yake ilikata pap katikati ya mpira, fyuzi imeungua, akaweka nyingine ikaungua. Tuliiacha imechomolewa hadi kesho yake kwa sababu kondensa hubaki na stima ndani, fundi akaifungua, na pale kwa bodi ya pawa mjusi amelala amekauka, mkia kwa nyaya mbili. Fundi akamtoa na koleo, akasafisha bodi kwa spiriti na brashi, akabadilisha fyuzi ya saizi ileile, ikawaka. Sasa ampu imeinuliwa kwa vipande viwili vya mbao mbali na ukuta, na wadudu wakitoka ziwani wanawasha taa ya nje, ya sebuleni inabaki imezimwa hadi wapite.